Laurencia Tluway Mmari na Mwongozo wa Mikono Mingi

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2008, ni dada yetu Laurencia, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Martini Tluway na Mama Scholastika. Alizaliwa Daa tarehe 3 Mei 1965.

Alisoma Shule ya Msingi Daa kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari Mbulu, na mwaka 1985 akahitimu uhazili Arusha. Barua yenye kosa moja aliichana akaipiga upya, hata kama ni ya kuagiza sukari dukani.

Alipokuwa katibu muhtasi katika hoteli ya watalii Ngorongoro alikutana na fundi magari kutoka Machame, Herbert Mmari. Walifunga ndoa Karatu tarehe 18 Agosti 1990, wakajaliwa Judith na Elirehema. Mwaka 2001 walifungua chumba cha kompyuta karibu na stendi.

Mwaka 2004 alijiunga na watu wanaojitolea kutengeneza programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bure. Wakamwomba aratibu uandishi wa mwongozo wa Kiswahili wa programu yao ya kuandikia barua. Waandishi walikuwa kumi na mmoja, waliotawanyika mikoani, wakiwasiliana kwa barua pepe. Dada aliweka sharti: kila sura ijaribiwe kwanza na Monika, muuza mboga wa Ganako, Karatu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Siku moja Monika alifuata maelekezo ya Eliud, mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, na barua yake yote ikapotea.

“Lakini mama, kila mtu anajua unahifadhi kwanza,” Eliud alijitetea kwenye simu.

“Kila mtu gani, mwanangu? Monika siyo mtu?”

Eliud alipanda basi, akakaa na Monika siku mbili, akarudi na sura mpya na kabichi tatu.

Tuseme ukweli, dada alikuwa mgumu. Hakuna ukurasa uliopita bila yeye kuukubali. Novemba 2007 aligundulika na saratani ya titi, akatibiwa Dar es Salaam miezi mitatu. Aliporudi alikuta sura tisa zinamsubiri, na waandishi wanne wamekata tamaa, wamenyamaza. Alilia. “Kumbe aliyefunga mlango ni mimi,” alisema. Akiwa kitandani aliandika maelekezo ya kuratibu: namna ya kumshukuru anayejitolea, namna ya kumkatalia bila kumvunja moyo. Akamkabidhi Eliud. Kijana alipopiga simu kuuliza, alimjibu, “Sikuambii. Andika ulipokwama, nami nitarekebisha maelekezo.” Wale wanne aliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba radhi, wakarudi.

Jumatatu iliyopita Herbert alimsomea barua pepe: Eliud na wenzake wamekubali sura tatu, wamerudisha moja.

“Wameniuliza?”

“Hapana, mama Judith. Hawakuuliza.”

“Asante Mungu,” alisema, akaomba uji, akanywa kikombe kizima. Alifariki nyumbani siku iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, ndugu watano, na waandishi kumi na mmoja, ambao kati yao alipata kumwona Eliud peke yake. Leo wote kumi na mmoja wamekuja.

Dada Laurencia, pumzika kwa amani. Hatutakuuliza tena.