Ng'ombe ya Bukwe na Karata Tatu za Ngungu

Papa na Mama wa shirika yetu ya maombi, muliniomba ushuhuda, nitautoa. Mutu mwenye alinitesa sitamutaja jina. Iko hapa ndani, karibu na mulango. Papa, usitoke, bado sijaanza.

Sisi watu wa ng'ombe hapa Kirolirwe munatujua. Ukishapigia dume kelele, haurudi nyuma. Ukirudi atakuzoea, na kesho atakuvunja mbavu. Mimi nilikomaa na hiyo akili, nikaipeleka mpaka mu poker.

Kwa wenye hawaijui: unapewa karata mbili za siri. Ukiona ni nzuri, unaongeza jetoni, vile vipande vya kuchezea, katikati ya meza. Kisha wanafunua karata tatu mezani, za watu wote. Hapo njo kuko kazi. Mwenye aliongeza mbele anaweza kusukuma jetoni tena, hata kama zile tatu hazikumusaidia, kusudi wengine waogope watupe karata zao. Mimi nilikuwa nasukuma kila mara. Kila mara, ndugu zangu! Niko na kitu, nasukuma. Niko mutupu, nasukuma.

Siku moja ya soko kukawa tournoi, mashindano ya poker, kule Ngungu. Kila mutu anaingia na ng'ombe moja, wa mwisho anabeba zote. Nilipeleka ng'ombe ya bukwe, ile familia ya bibi yangu ilitugawia kisha ndoa. Huyu Papa wa kwa mulango, tulikuwa naye meza moja, akanichunguza. Na yeye alikomelea mu ng'ombe, akaona tabia yangu. Kila nikisukuma mutupu, anaweka nyingi juu yangu, mimi natupa karata. Jetoni zangu zikaisha vile, na yeye njo akabeba ng'ombe zote.

Kupoteza ningevumilia. Lakini alikuwa anapitisha ile ng'ombe mbele ya nyumba yetu kila asubuhi, na alishaipa jina: Kelele. "Kelele, kuja kunywa maji! Salimia bwana wako wa zamani!" Bibi yangu anafunga dirisha. Nilimuchukia, nawaambia mbele ya musalaba. Nilimuchukia mpaka chakula ikanikosea chumvi.

Nyinyi mulikuja kunihubiria musamaha. Bibi yangu aliwapa chai, na kisha nyinyi kwenda akaniambia: "Ng'ombe kwanza. Musamaha itakuja nyuma."

Akakaa mbele yangu na karata, tukacheza kwa maharagi. Nikasukuma.

"Mbona unasukuma?"

"Si niliongeza?"

"Mimi si dume, mimi iko mutu na karata. Angalia kwanza!"

Njo nikaanza kuangalia. Mutu moja tu mbele yangu, na zile tatu zimetawanyika, hazifuatane: sukuma, pengine na yeye hana kitu. Watu ni watatu, ao mezani kuko nane, tisa, kumi: nyamaza, usisukume, kuko mwenye amesaidiwa. Na yule mwenye hatupake karata zake hata umufanye nini, usipoteze nguvu kumutisha. Mungojee na kitu ya kweli.

Tournoi ikarudi. Tulibakia na ng'ombe moja, ya maziwa ya watoto. Bibi yangu mwenyewe akaifunga kamba, akanipa. Na huyu Papa akaleta nani? Kelele! Kwa kuniumiza tu.

Meza zilikuwa mbili, yeye akawa ile ingine. Hakuona namna nilinyamaza, namna nilichagua. Tukabakia wawili, mimi na yeye.

"Wa kelele," akaniambia, "leo tena?"

Nikapewa wafalme wawili. Nikaongeza, akafuata. Mezani kukafunuliwa mufalme, nane, na tatu. Wafalme watatu, Mungu wangu! Ningeweza kunyamaza. Lakini nikajua anangojea mupumbavu wa zamani, nikamupa ule mupumbavu. Nikasukuma haraka haraka, kifua mbele. Akacheka mpaka meza ikatikisika, akaweka jetoni zake zote. "Mutupu tena!"

Nikafunua. Yeye alikuwa na nane mbili tu, moja ya kwake na moja ya mezani. Karata mbili za mwisho za mezani zikatoka, hazikumusaidia, nikabeba ng'ombe zote, na Kelele ndani. Sura yake ile saa, bandugu, hata siku ya ndoa yangu sikusikia tamu vile. Mama, unisamehe.

Nashukuru bibi yangu. Nashukuru na nyinyi kwa maombi, hata kama muliombea kitu ingine. Na somo iko hii: kuanza haikulazimishe kuendelea. Angalia mezani kwanza.

Sasa wewe Papa wa kwa mulango. Kila juma unatuma watu kwangu: "Anaomba revanche, murudie kucheza." Ulimutuma hata katekista. Unasema haulale, na bibi yako ananiambia ni kweli. Basi usikie mbele ya shirika yote: sitakaa mezani na wewe tena mpaka wanizike. Ile ya Ngungu njo ya mwisho, na nilishinda mimi.

Amina. Mumupishe, anataka kutoka.