Kidonda cha Mbithi

KASIVA: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

MBITHI: Ni mimi, Kasiva. Ndugu yako.

KASIVA: Asi! Mbithi! Na hii simu ni ya nani?

MBITHI: Ya Abdow wa duka. Yangu imeisha chaji, akaniachia yake. Huko Makueni mko salama?

KASIVA: Tuko tu. Niko wodini, wagonjwa wamejaa. Mguu je? Pale ng'ombe alikukanyaga?

MBITHI: Uko tu… Si uniambie jina la ile dawa walinipatia hospitali? Wewe ni nesi, unajua. Nitume mtu aninunulie ingine.

KASIVA: Ingine ya nini? Ile uliimaliza?

MBITHI: [anakohoa] Kidonda kilikauka, Kasiva. Nimeze dawa na nimepona?

KASIVA: Mbithi—

MBITHI: Zilizobaki nikampa jirani, Salat. Alikuwa na mafua, anaumia—

KASIVA: Mafua ni virusi! Hiyo dawa ni ya bakteria, haigusi virusi hata kidogo. Umemsaidia nini?

MBITHI: Alipona.

KASIVA: Angepona hata kwa uji! Na wewe? Kidonda kimerudi, ama?

MBITHI: Kimevimba kiasi. Kinatoa usaha.

KASIVA: Ngai! Sikiza. Dawa inaua wale bakteria wanyonge kwanza. Wale sugu wanabaki huko ndani. Ungemaliza dozi, ungewapunguza mpaka mwili uwamalize. Wewe ukaacha, wakazaana wao—

MBITHI: Unanihubiria kama pasta.

KASIVA: Nakuhubiria kwa sababu husikii! Una homa?

MBITHI: …kia… usiku…

KASIVA: Mtandao unakatika. Una homa?

MBITHI: Baridi tu, natetemeka. Niambie jina, nina mbuzi wa kupeleka soko.

KASIVA: Hakuna jina, hakuna soko. Mpelekee Abdow simu niongee naye.

MBITHI: Yuko dukani.

KASIVA: Duka si liko hapo mlangoni kwako? Mpelekee.

MBITHI: Atakuja mwenyewe.

KASIVA: Mbithi. Simama umpelekee simu.

MBITHI: Siwezi, Kasiva. Tangu jana sisimami.

KASIVA: Mwite. Piga kelele!

MBITHI: Abdow! Abdooow!… Anakuja.

KASIVA: Mwambie alete pikapu. Mwende hospitali sasa hivi, si kwa duka la dawa. Wapime huo usaha, wajue ni dawa gani bado inaua hao wadudu.

MBITHI: Anasema gari iko tayari. Simu inalia, salio linaisha… Kasiva?

KASIVA: Naam.

MBITHI: Kama hizo dawa zingine pia hao wadudu wamezizoea?

KASIVA: Panda gari, mwanaa-mwaitu, ndugu yangu. Panda tu. Mimi naomba ruhusa hapa, nakuja huko Kitui, tutaku—

[Simu inakatika.]