Historia ya Marehemu Vernell Idella Toombs Mabry, Aliyetaka Kuulizwa Mara Mbili

Waliofika leo, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, katika Kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo, Albany, Georgia, ni Mchungaji Alphonso Teague, anayeongoza ibada. Ezra Rufus Mabry, mtoto wa kwanza wa marehemu, na mkewe Yolanda. Lenora Mabry Gaines, binti wa marehemu, na wanawe Desmond na Corinne. Wilhelmina Toombs Alleyne, mdogo wa marehemu, ambaye ni mke wangu. Dada Eugenia Pettigrew, aliyewahi kuwa rais wa Tawi la Wahitimu la Albany la chama chao cha kina dada wa chuo, pamoja na wanachama wenzake waliovaa nyeupe. Bibi Ola Mae Hightower na wenzake watatu, waliotoka Dawson asubuhi hii. Majirani wa mtaa wetu. Na mimi, Cuthbert Alleyne, shemeji yake, mzaliwa wa Barbados, mkazi wa mji huu tangu mwaka 1962, niliyepewa na familia kazi ya kusoma historia hii. Kabla ya jambo lolote, tunawashukuru kwa kufika.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Machi 1938, nje ya mji wa Dawson, Kaunti ya Terrell, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Bwana Ezra Toombs, aliyelima karanga katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na Bibi Lovie Idella Toombs, aliyebangua karanga katika ghala la mjini, mama aliyejua nyimbo zote za kitabu cha kanisani bila kujua kukisoma kitabu chenyewe. Jina la kati la marehemu ni Idella, alilopewa kwa heshima ya mama yake, si Adela kama lilivyochapwa gazetini Jumatano, na wanaohifadhi gazeti hilo naomba wasahihishe kwa kalamu.

Bwana Ezra aliwalea watoto wake kwa kanuni ya watu wa huku, kwamba ukipewa kitu kizuri unakikataa kwanza, ili anayekupa apate nafasi ya kubadili mawazo bila aibu, na akikuletea mara ya pili unapokea kwa mikono miwili. Nawaomba mkumbuke kanuni hiyo, kwa sababu bila hiyo maisha ya marehemu hayaeleweki.

Alisoma shule ya msingi katika chumba kimoja nyuma ya kanisa huko Dawson, akamaliza sekondari Juni 1955, akaingia chuo cha ualimu hapa Albany mwezi Septemba mwaka huohuo, na Jumamosi tarehe 13 Aprili 1957 akapokewa katika chama cha kina dada, chama ambacho msichana huingia akiwa chuoni na hatoki mpaka kaburini, na ambacho kila mwanachama humwita mwenzake Dada, awe na miaka ishirini au tisini. Walipokewa wasichana tisa, wakapangwa mstari kwa urefu, mfupi mbele, yeye akawa wa pili, na wenzake wa mstari ule walimwita Mbili maisha yake yote. Alihitimu Juni 1959, akafundisha jiografia katika shule mbili za mji huu hadi alipostaafu Juni 1994.

Nilimfahamu mwaka 1963, nilipokwenda kumposa mdogo wake. Alinikaribisha kiti, akanitazama, akasema, "Shemeji, nasikia Waingereza walikufundisha mito yote ya kwao. Haya, huu Mto Flint unaopita nyuma ya nyumba yangu unaanzia wapi?" Sikujua. Akasema, "Basi rudi ukishajua, Wilhelmina hana haraka." Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa na jibu, kusini mwa Atlanta, akasema kwamba alinipa swali jepesi kwa sababu nilikuwa nimekonda.

Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa Jumamosi tarehe 23 Desemba 1961 na Bwana Rufus Mabry, fundi bomba, mtu mkimya na mwema, aliyetutoka tarehe 4 Mei 2003. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ezra Rufus, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1963, na Lenora, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1966.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo familia imekubali nilisome, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa akilisimulia huku akicheka. Aliutaka urais wa tawi. Aliutaka kwa sababu moja iliyojulikana na kila aliyekula mezani kwake, kwamba tawi liende Dawson kuwafundisha kusoma kina mama wa maghala ya karanga, waliokuwa kama mama yake, kwa maana wakati huo mafunzo ya tawi yalifanyika mjini tu, sebuleni kwa wake wa madaktari na wakuu wa shule. Katika tawi, hata hivyo, mtu haombi cheo, kamati ya uteuzi humpigia simu.

Simu ilipigwa Jumapili tarehe 13 Oktoba 1974, mimi na Wilhelmina tukiwa pale tunakula. Tulimsikia akisema kwa sauti tamu, "Asante sana, lakini mimi sistahili, tafuteni mwingine," kisha akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akaketi, akajipakulia kuku. Rufus akamuuliza, "Sasa mbona umekataa?" Akasema, "Sijakataa. Watapiga tena."

Hawakupiga tena. Wiki ile hakwenda mazoezi ya kwaya, hakwenda sokoni, na Rufus alipoinua simu kumpigia mteja wake aliambiwa aiweke chini. Novemba likatajwa jina la Dada Eugenia Pettigrew, na Vernell akapiga makofi pamoja na wengine. Aliyepiga simu ile alikuwa Dada Marvelle Strickland, aliyehamia hapa kutoka Detroit miezi minne tu kabla, na aliandika katika daftari la kamati, kwa nia njema kabisa, kwamba Dada Vernell hapendi uongozi. Neno hilo likaota mizizi. Kila uchaguzi ulipofika, kamati zilisema tusimsumbue Dada Vernell, akapewa mapambo, akapewa vyakula, akapewa wagonjwa wa kutembelea, na vyote alivifanya vizuri, kwa miaka ishirini.

Mwezi Julai 1994 mto ulifurika, maji yakaingia katika kanisa hili, na Jumamosi tarehe 13 Agosti tulikuwa humu tukiosha tope kwenye mabenchi, marehemu na Dada Marvelle wakiwa na ndoo moja, mimi nikibeba mabenchi na kuyatoa nje. Dada Marvelle akasema, "Wewe Vernell ungetufaa sana kwenye urais. Bahati yetu mbaya hukuupenda."

"Nani alisema sikuupenda?"

"Wewe. Nilikupigia mwenyewe, ukasema nitafute mwingine."

"Ndiyo. Halafu ulitakiwa unipigie tena."

"Kwetu Detroit mtu akisema hapana, unamshukuru unakata simu."

"Na huku mtu akisema hapana, unamuuliza mama yake hajambo, unauliza na mvua, halafu unarudia swali. Nani alikulea, Marvelle?"

Dada Marvelle aliketi kwenye benchi lililolowa, akabaki hapo, na sketi yake ikaharibika. Alisema tu, "Miaka ishirini, Vernell. Na mimi nikakuletea bakuli za saladi uzipambe."

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika Jumamosi tarehe 12 Novemba 1994. Mimi si mwanachama, haya nimeyapata kwa Wilhelmina, aliyekuwapo, na Dada Eugenia ameyathibitisha. Kamati ilikwishamtaja Dada Eugenia, aliyekuwa rais kwa mara nyingine, naye akauliza kama kuna jina jingine kutoka kwa wanachama, swali ambalo halikuwa limejibiwa na mtu yeyote tangu tawi lianzishwe. Vernell akasimama, akasema, "Naitwa Vernell Idella Toombs Mabry, na urais nautaka."

Dada Eugenia akasema, "Dada, huku mtu hajitaji mwenyewe."

Sauti ya mtu nyuma ikasema, "Kumbe neno 'ndiyo' analijua," wakacheka. Ndipo Dada Marvelle aliposimama akasema, "Basi namtaja mimi. Ilikuwa nimtaje mwaka sabini na nne, nimechelewa kidogo."

Vernell akaeleza habari ya Dawson kwa dakika chache. Mmoja akauliza, "Na ile barabara ya vumbi tutaipita na viatu gani?" Vernell akamjibu, "Vilevile nilivyokuja navyo mimi."

Kura zilihesabiwa, zikawa thelathini na moja kwa thelathini na moja, ikabidi zipigwe upya. Wakati karatasi zikigawiwa Dada Marvelle alimwinamia, akamuuliza, "Hivi ulijipigia?"

"Hapana. Si adabu."

"Ulimpigia Eugenia?"

"Ndiye mwenzangu, ningempigia nani?"

Dada Marvelle akamwambia, "Vernell, Mungu hapigi simu mara mbili," na Wilhelmina, aliyekaa nyuma yao, anasema dada yake alikaa muda mrefu na kalamu mkononi, kuliko alivyowahi kukaa juu ya mtihani wowote, kisha akaandika haraka na kukunja karatasi mara nne. Ikawa thelathini na mbili kwa thelathini. Dada Eugenia, aliye nasi hapa, amesema kwa miaka ishirini na mitano sasa, "Mimi nilijipigia mara zote mbili, wala sijutii," na tangu siku ile alikuwa makamu wake mwaminifu, na dereva wake pia, maana Vernell hakupenda kuendesha gari barabara ya Dawson.

Alikuwa rais kuanzia Januari 1995 hadi Desemba 1998. Madarasa ya Jumamosi yalianza Dawson mwezi Machi 1995, yakaendelea hata baada yake, na Bibi Ola Mae Hightower, aliyeanza akiwa na miaka sitini na moja, ndiye aliyetusomea Zaburi leo. Kamati ya uteuzi aliiagiza impigie kila mtu mara mbili, na anayetoka nje ya Georgia aelezwe sababu.

Februari 2018 madaktari waligundua kwamba moyo wake umedhoofika. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kanisani Pasaka ya mwaka huo, lakini kuanzia Agosti mwaka huu hakuweza tena kupanda ngazi, akatunzwa nyumbani kwa Lenora, ambako alifariki Jumamosi iliyopita, tarehe 2 Novemba 2019, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, watoto wake wote wawili wakiwa chumbani.

Familia inamshukuru Daktari Harlan Boatwright, aliyekuja nyumbani bila kuitwa, muuguzi Tamsin Odom, aliyemwimbia, majirani, waliotulisha wiki nzima hata tukakosa pa kuweka sahani, walimu wenzake, na kina dada wa tawi, waliopokezana zamu kitandani pake tangu Agosti bila hata mmoja kukosa. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Dada Marvelle Strickland, aliyekuja kila Alhamisi, na kila akiondoka alimuuliza kama anahitaji kitu, akajibiwa hapana, akaketi tena, akamuuliza upya.

Vernell, shemeji yangu, kazi uliyoitaka ulipewa, na uliifanya. Upumzike sasa katika amani ya Bwana.

Kabla sijakaa, nina sahihisho moja. Katika ratiba mliyopewa, namba saba, imeandikwa kwamba neno la tawi litasomwa na Dada Marvelle Strickland. Litasomwa na Dada Eugenia Pettigrew. Dada Marvelle Strickland alifariki jana saa tisa alasiri, nyumbani kwake.