Mwalimu Method Laurean, Aliyehesabu Mapigo ya Moyo wa Mkewe

Jumatano, tarehe 9 Juni 1954, asubuhi, nyumba ya Mzee Laurean huko Kamachumu, Bukoba, ilikuwa na watu saba. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanane. Huyo wa nane aliitwa Method.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha sekondari mjini Bukoba kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, ambako alichagua somo la elimu ya viungo, ingawa baba yake alimtakia hisabati. Hisabati hakuiacha. Kwa miaka ishirini na sita aliyofundisha Mwanza, hakuna mwanafunzi wake aliyeruhusiwa kuketi baada ya mbio kabla ya kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo: mara ya kwanza anaposimama, mara ya pili baada ya dakika moja. Aliwafundisha kwamba moyo uliozoea kazi hutulia upesi.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na Dorothea, muuguzi, wakajaliwa Flaviana na Cosmas. Mwaka 2001 familia ilihamia Gaithersburg, Maryland. Hapo Method aliwaongoza wazee wa nyumba ya kutunzia wazee katika mazoezi ya kwenye viti, hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 3 Februari 2017 Dorothea alipatwa na mshtuko wa moyo. Aliporudi nyumbani akiwa na dawa na agizo la kufanya mazoezi ya kiasi, hakutaka hata kushuka ngazi. Aliamini kwamba hatua moja ya ziada ingemuua. Method naye aliamini kwamba kiti kingemuua mapema zaidi.

“Moyo wenyewe umechoka, nawe wataka kuupigisha kwata?” Dorothea alimuuliza.

“Moyo ni msuli, Mama Flaviana. Msuli hauponi kwa kulalishwa.”

Kwa kuwa nje kulikuwa na barafu, walitembea ndani ya jumba la maduka, asubuhi kabla ya maduka kufunguliwa. Method alibeba filimbi yake ya Mwanza, hadi mlinzi alipomwomba kwa adabu airudishe mfukoni. Juma la kwanza alikosea: alimwendesha mkewe kama mtoto wa darasa la saba, mapigo yakafika mia moja thelathini na moja. Dorothea aliketi kwenye benchi, asiseme naye hadi jioni. Kosa hilo Method alilikiri mwenyewe. Tangu hapo mwendo ukawa ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Kuzungumza hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuhesabu.

“Nyamaza kidogo, Mama Flaviana, umenipotezea hesabu.”

“Hesabu upya, Mwalimu. Mimi siendi popote.”

Mwezi Machi mapigo yake ya asubuhi yalikuwa themanini na manane, na baada ya matembezi yalishuka tisa tu katika dakika ya kwanza ya kupumzika. Mwezi Agosti, kwa dawa na mazoezi pamoja, yale ya asubuhi yalikuwa sabini na mawili, na ya baada ya matembezi yakashuka ishirini na mawili. Asubuhi moja Dorothea aliimba pambio zima bila kusimama. Method alitoa filimbi akaipuliza, mlinzi akageukia upande mwingine.

Oktoba 2025 ilibainika kwamba Method ana saratani ya kongosho. Alipodhoofika, Dorothea ndiye aliyeshika kifundo cha mkono kila asubuhi. Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikuwa akihesabu kwa sauti. Alifika thelathini na moja, akasubiri. Hakuhesabu upya.

Bwana ampe Mwalimu mapumziko aliyowanyima wanafunzi wake hadi wamalize kuhesabu.

Ameacha watoto wawili, Flaviana wa Bowie na Cosmas wa Fairfax, wajukuu wanne, kaka yake, Clement, anayesoma wasifu huu, na mjane wake, Dorothea, mwenye umri wa miaka sabini, ambaye mapigo yake ya leo asubuhi, yaliyohesabiwa na Flaviana kwa dakika nzima, ni sitini na manane. Waliobaki ni wanane.