Ramani ya Kilole

Kaeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena ukutani. Haruni, weka hiyo simu. Nasma, chukua kalamu uandike ninayosema kama ninavyoyasema, usinipambie. Ninamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia akili hata alipoichukua miguu, na ninashuhudia mbele Yake na mbele yenu kwamba haya nayasema mimi, Muhidini bin Haji, mwalimu mstaafu wa hapa Kilole, wala hakuna aliyenilazimisha.

Mambo ya nyumba kwanza, maana ni mepesi. Nyumba hii na uwanja wake ni vyenu nyote wawili, na shehe atawagawia kwa sheria ya dini yetu, msibishane naye. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Nasma. Vitabu vyangu vipelekeni shuleni, vyote, isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho nilichowaitia.

Mnakijua. Ni lile daftari kubwa la jalada la kijani lenye ramani katikati, nililoliandika kwa ajili ya darasa langu: ardhi ya Kilole, watu wake na mila zao. Haruni, wewe wageni wako ukishawatoa majini kuogelea na papa potwe, unawaleta huku kaskazini kuwaonyesha mnara wa taa wa Bweni, kisha unawakalisha kwenye baraza letu na kuwasomea daftari lile. Unawaambia ukoo wetu ndio uliotangulia hapa, na kwamba ukoo wa Matano waliletwa kama watumwa, nao ndio waliowaonyesha wavamizi wa Kisakalava njia ya maji ya kuingilia mji wa kale wa Kua. Wageni wanatikisa vichwa na kupiga picha.

Ni uongo, mwanangu. Niliutunga mimi, kwenye meza ile pale, na uongo ule uliua mtu.

Usiinuke. Keti, Haruni. Sina nguvu ya kusema mara mbili.

Miaka ile ya tisini mwanzoni nilichoka kuona watoto wetu wanataja mito ya Ulaya bila kukosea, na kisima cha babu zao hawajui nani alikichimba. Nikaanza kuizunguka nchi hii kwa miguu. Nilipima kwa kamba kutoka mikokoni hadi shuleni, nikaandika kila kisima, kila kaburi la zamani, kila jina la shamba, ngoma gani ilichezwa wapi na kwa sababu gani. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Nikafika kwa Bi Kijakazi, bibi yake Matano, mwanamke wa miaka tisini au zaidi, nikamkuta anamenya muhogo. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, nimekuja uniambie nchi hii ilianzaje." Akasema, "Marahaba. Utaandika hata usiyoyapenda?" Nikasema nitaandika.

Akanieleza kwamba Wasakalava walipotoka Bukini, huko Madagaska, na mitumbwi yao waliingia Kua watu wakiwa usingizini. Waliua waliosimama kupigana, wakawatia kamba shingoni waliobaki, wakachoma, na waliotoroka walitoroka na nguo walizovaa. Mmoja wao alifika hapa Kilole siku nyingi baadaye, amembeba mtoto mgongoni, na ubavuni ana jeraha la mkuki lenye funza. Wenyeji walimlaza ndani mwao, wakamtoa funza mmoja mmoja kwa vidole, na alipopona wakampa shamba la kulima. "Huyo mtu," akaniambia Bi Kijakazi, "ni babu wa babu yako wewe, Mwalimu. Sisi ndio tuliowapokea."

Niliandika yote, kwa penseli. Lakini nilitoka pale nimenuna. Nilikuwa nimelelewa nikiambiwa kwamba sisi ni waungwana wa nchi hii, na kumbe tulikuja tunanuka usaha. Sikumsomea mtu ukurasa ule.

Miaka kumi na miwili ikapita, Bi Kijakazi akafa, kisha akaja bwana mmoja kutoka bara akitafuta ufukwe wa kujenga hoteli, akaupenda ule wa Matano. Matano akakataa kuuza. Ndipo baba yenu mdogo Zubery alipokuja kwangu, akakaa hapo ulipokaa wewe Nasma, akaniambia, "Kaka, ardhi hii haina hati, ina maneno tu, na maneno ya watu wa Kilole yako kwenye daftari lako. Wewe ukisema ni yetu, nani atabisha?" Sitamsingizia Zubery kuwa alinishika mkono. Nilichukua ufutio wa shule nikafuta mwenyewe. Nikaandika juu yake kinyume cha kila kitu: mwenyeji nikamfanya mtumwa, mkimbizi nikamfanya mwenye nchi, na yale ya kuwaonyesha Wasakalava njia nikayaongeza, kwa sababu kalamu ilikuwa imepata mwendo na mimi nilijiona fundi. Kisha nikachora ramani upya, nikausogeza mpaka wetu hadi baharini.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, kwenye uwanja wa shule. Nilisoma kwa sauti ile ninayosomea watoto. Nilipofika kwenye habari ya Kua, vijana walianza kunguruma. Matano akasimama. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Akaniuliza, "Mwalimu, bibi yangu ndivyo alivyokwambia?"

Nikamjibu, "Ndivyo alivyoniambia."

Sijui nani alipiga kelele ya kwanza kwamba hawa ndio waliotuuza, lakini najua nani alipiga pigo la kwanza, maana nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Zubery alimpiga Matano mpini wa jembe mdomoni, meno yakatoka, kisha mawe yakaanza. Watu niliowafundisha kusoma walikuwa wakiokota mawe ya mipaka ya bustani ya shule. Matano akavunja kundi akakimbilia kwake, nao wakamfuata, wakatia moto makuti ya nyumba. Mkewe, Shamsa, alitoka na mtoto wao kifuani, akainua mkono kumkinga mtoto, na panga likapita juu ya kiwiko. Nyote mmewahi kuuona mkono ule Kilindoni. Alikimbilia vichakani nyuma ya nyumba zetu, na damu ikamfuata.

Mimi nilikuwa nimekwisha rudi hapa ndani, nimefunga mlango, nimekaa na ramani magotini. Matano akaja. Alipiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Mwalimu, nifungulie! Waambie kweli, Mwalimu! Wewe unaijua!" Mama yenu Bimkubwa alikuwa ameshashika komeo. Akasema, "Muhidini, mfungulie, mtu anakufa." Nikamshika mkono, wanangu, nikaubana ukutani mpaka bangili yake ikavunjika. Wewe Haruni ulikuwa madrasani. Wewe Nasma ulikuwa na miaka sita, ulikuwa umesimama pale kwenye pazia, ukauliza nani anagonga.

Nikakwambia ni mbuzi.

Lia, mwanangu, lakini andika.

Walimkuta hapo hapo barazani. Hakupata muda wa kugeuka. Nilisikia panga likiingia, na sitaifananisha sauti ile na kitu chochote, kwa maana tangu siku ile kila kitu kinafanana nayo. Walimkata wakiwa wengi, na walikuwa wakihema kama watu wanaofanya kazi. Baadaye kukawa kimya, na damu ikapita chini ya mlango ikaja ndani, na mama yenu akapiga magoti akaifuta kwa kanga yake bila kunitazama. Baraza lile mnalokaa na wageni, mnaloliona lina sakafu nzuri, nilimwaga saruji mpya wiki ile ile.

Askari walikuja kutoka Kilindoni. Kilole nzima haikuona kitu. Waliponiuliza mimi, nikasema nilikuwa nimelala. Yule bwana wa hoteli aliposikia habari za damu hakurudi tena. Shamba likabaki mikononi mwetu mimi na Zubery, na minazi ya Matano ndiyo iliyokusomesha, Haruni, mpaka ukaijua lugha ya kuwadanganyia wageni. Mama yenu aliishi nami miaka mingi baada ya hapo, akanipikia, akanifulia, akaniuguza, lakini hakuniita tena kwa jina mpaka anaingia kaburini.

Mwezi uliopita, nilipowaambia nakwenda Kilindoni hospitali, sikwenda hospitali. Nilimlipa kijana wa pikipiki anifunge kwake kwa kanga nisianguke, nikaenda kwa Shamsa. Nilimkuta anapepeta mchele kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza kifuani. Nikamwambia kila kitu, kama ninavyowaambia ninyi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Najua, Mwalimu. Nilikuwa kwenye banda lako la mbuzi, nimemziba mtoto mdomo. Nilisikia mwanao akiuliza ni nani, nikakusikia ulivyomjibu."

Nikaanguka miguuni pake. Akasogeza miguu. Akasema, "Sikusamehe. Mwanangu Mudrik sijamwambia aliyemuua baba yake, kwa sababu nilitaka awe hai. Lakini wewe uliyasema mbele ya watu, sasa unakuja kuyafuta jikoni kwangu? Nenda kayafute mbele ya watu wale wale."

Tangu siku ile, Ijumaa tatu zimepita. Mara mbili yule kijana wa pikipiki alinifikisha mlangoni mwa msikiti, nikamwambia ageuze. Nisikieni vizuri: baba yenu alikuwa mwoga, si mtu mwema aliyekosea mara moja. Nimekuwa mwoga kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini, na watoto mia kadhaa wamepita mikononi mwangu wakijifunza nchi yao kutoka katika daftari lile.

Sasa naagiza. Nasma, andika kwa herufi kubwa. Shamba lote la ufukweni, kuanzia kisima cha mawe, kufuata minazi miwili iliyoungana, hadi mikokoni na baharini, ni mali ya marehemu Matano bin Kombo, na warithi wake ni Shamsa na Mudrik. Upande wa juu wa kisima ndio tuliopewa sisi kwa huruma. Andika hivyo: kwa huruma.

Haruni, yule mnunuzi uliyeahidi kumtilia sahihi Jumatatu, mwambie huna cha kuuza. Najua umekwisha mkubalia. Mwambie. Na wageni wakija, wasimulie Kua kama Bi Kijakazi alivyoisimulia, na nani alitolewa funza na nani. Ukiona aibu, kaa nayo hiyo aibu, usiipake rangi. Mimi niliipaka rangi.

Kesho ni Ijumaa. Nibebeni na kitanda hiki mpaka uwanja wa shule baada ya sala, niseme mwenyewe. Ikiwa sitaiona kesho, basi siku ya maziko, shehe atakapouliza kama kuna mwenye haki kwa marehemu, Haruni usimame wewe useme, kabla jeneza halijainuliwa. Unaogopa. Nakuona unavyoogopa. Wako watakaokutukana, na pengine yuko atakayekurushia jiwe. Wewe usirushe. Yeyote kati yenu atakayemwinulia mtu mkono kwa ajili ya jambo hili, Zubery au mwingine, huyo radhi yangu hana. Damu iishie hapo ilipomwagika. Haki ipelekeni serikalini kwa maandishi haya. Zubery asinioshe, wala asiingie kaburini kunipokea.

Nipe maji... hapana, yalowanishe tu midomo.

Mungu awafungulieni njia nilizoziziba. Awape watoto wasiokuwa na sababu ya kuwaonea haya. Nasma, ulikuwa mtoto, huna kosa... ulisikia ulichoambiwa. Haruni, mwanangu... radhi yangu ninawapa mkifanya, na msipofanya ninawaachia Mungu, sitawalaani, sina mdomo wa kumlaani mtu.

Nani anakohoa nje? Ni Zubery. Kaka yake anaumwa, lazima aje kumjulia hali. Msimtolee sauti. Mkaribisheni ndani, mpeni kiti, mpeni maji anywe. Kisha, Nasma, msomee. Kuanzia neno la kwanza, taratibu... usiruke kitu. Mimi nitakuwa... nasikiliza.