Mama Chupa na Majibu Aliyoyakana

Dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mama Chupa kwa sababu ya chupa zake za kupimia maji, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya baba yetu, fundi seremala. Alikuwa kitindamimba. Mimi ndiye niliyemtangulia.

Alianza shule mwaka 1960, akamaliza kidato cha nne, kisha akasoma chuo cha maabara miaka miwili. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikitangatanga humu mnivumilie.

Mwaka 1974 aliajiriwa na halmashauri kupima maji, hadi alipostaafu mwaka 2007. Kazi yenyewe nitairudia, maana kwanza kulikuwa na ndoa. Fundi cherehani alipoleta posa mwaka 1978, dada alisema, "Nipe miezi mitatu nikuchunguze."

"Na mimi nikikuchunguza?"

"Chunguza, ila andika."

Walioana Desemba, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa kazi. Aprili 1991 watoto wa mtaa wa chini walishikwa na kuhara, wawili wakafariki. Maji yalichotwa sehemu mbili: kisima cha zamani na bomba jipya. Dada alipima kote, majibu yakakisema kisima. Wakubwa walifurahi, maana bomba walilizindua juzi tu. Barua ya kukifukia kisima ikaandikwa.

Jioni ile dada akakumbuka kwamba chupa za kisima zilikaa juani karibu saa nzima. Aliyemsimamisha njiani ni mimi, nikimsimulia habari za baiskeli yangu iliyoibwa. Chupa ikipata joto, vijidudu huzaana humo humo.

Asubuhi akaingia mkutanoni. "Majibu yangu yatupeni. Nilikosea, chupa nilizichelewesha juani."

Mwenyekiti akashika kichwa. "Mama, unataka tuchekwe?"

"Nichekwe mimi, Mzee. Tukifukia kisima, mtaa mzima utahamia kwenye bomba. Kama ubaya uko huko, tutazika wengine."

"Bomba! Maji meupe vile?"

"Vijidudu havionekani kwa macho. Naomba siku tatu."

"Na majibu yakiwa yale yale?"

"Barua ya kuacha kazi nitaileta mwenyewe."

Akapima upya, chupa zikiwa ndani ya barafu. Nilimwita barabarani, akanipungia mkono bila kusimama. Kisima kilikuwa salama. Bomba ndilo lililokuwa na uchafu: lilikuwa limepasuka kando ya choo cha soko, na uchafu uliingia pale tu maji yalipokatika, ndiyo maana mara ya kwanza haukuonekana. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kulifunga siku ile ile, na hatukuzika mtoto mwingine.

Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Wageni walileta dawa za kila namna, naye akawauliza, "Walioinywa wangapi? Waliopona wangapi?"

"Dada, wewe kunywa tu!" jirani akasema.

"Basi kunywa wewe kwanza, tukuangalie."

Chumba kizima kilicheka, na yeye pia. Alifuata ya daktari mpaka mwisho. Alituaga Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na kaka mmoja. Hawa vijana wanne waliobeba jeneza leo si ndugu zetu wa damu. Mwaka ule wa bomba walikuwa wamelazwa, wadogo wa kubebwa mgongoni. Walikuja wenyewe asubuhi, wakaniambia, "Baba, sisi tutambeba."

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.