Mama Spés Anaondoka Chumba cha Panya

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Dafroza, ambaye hapa kazini wote tunamwita Mama Spés, atavua koti lake la bluu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka kumi na mitano katika chumba cha panya cha maabara yetu hapa Buffalo. Karibu muda huo wote nimeosha vizimba kando yake, ndiyo maana kamati ya kumuaga ikasema niandike mimi. Shule yangu ni fupi, ila dada huyu namjua.

Alizaliwa Burundi, akakulia kambini Tanzania, na mwaka 2008 akafika Louisville, huku Marekani, pamoja na binti yake Spés. Walipanga nyumba mtaa wa Newburg, akafunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa. Mtu wa kanisani akamwambia kwamba Buffalo kuna kazi ya kutunza wanyama. Yeye aliwaza ng'ombe. Mlango ulipofunguliwa akakuta panya weupe ukuta hadi ukuta. Alimshukuru Mungu hivyo hivyo, kisha akauliza fagio liko wapi. Pantaleo, fundi wa mashine ya kuoshea vizimba, anamtania mpaka leo: kambini tuliwafukuza kwenye mahindi ya mgao, huku tunawatandikia.

Alijifunza upesi. Kabla ya kufungua kizimba huimba pambio kwa sauti ya chini, panya wasishtuke. Akibadilisha maranda ya mbao, huacha konzi moja ya yale ya zamani kwenye kiota, ili mama panya anuse harufu ya kwake na asiwakatae wanawe. Wafanyakazi wapya wote amewafundisha hivyo, na mkono wenye haraka hupata kofi dogo.

Kwa wageni wetu wasiojua, maabara hii inachunguza malezi ya mama. Kuna mama panya anayevilamba vitoto vyake kila mara, na kuna anayevilamba kidogo tu. Vitoto vilivyolambwa sana, vikikua, havina hofu nyingi. Kitu kikivishtua, kemikali ya hofu hupanda, halafu ubongo huituliza mapema. Na vile vya kike vikija kuzaa, navyo hulamba. Vilivyolambwa kidogo hushtuka kwa jambo dogo, na vingi huja kulamba kidogo vilevile. Daktari wetu wa utafiti husema daima kwamba panya si watu. Sawa. Lakini aliyewaumba ni mmoja.

Sasa kisa ambacho mwenyewe ameniruhusu kukisema. Mwaka wake wa kwanza aliona mama panya amejikunja pembeni, vitoto vimelala peke yao. Kwetu, mama akishindwa, mama mdogo humchukua mtoto, na hakuna anayeomba ruhusa. Basi Mama Spés akavihamishia vitoto vile kwa jirani mwenye huruma, na Daktari alipofika akampa habari hiyo kwa furaha, akingoja asante. Daktari alishika kichwa. Vizimba vyote viwili vilitolewa kwenye utafiti. Hakumfukuza. Alimketisha, akamweleza kwamba hata watafiti huvihamisha vitoto, ila kwa mpango, na kwamba mara nyingi kitoto cha mama asiyelamba, kikilelewa na anayelamba, hukua kikawa mlambaji.

Mama Spés akauliza: kwa hiyo si damu? Daktari akajibu kwamba damu peke yake haiamui.

Pantaleo alidhani kwa swali hilo anajitetea. Mimi, Mama Spés aliniambia sababu yake wakati wa chakula. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa leo nyumba hii, kesho ile, analishwa lakini hapakatwi. Alipompata Spés alimpa uji, sare safi na sala, ila mikono haikujua kukumbatia. Aliamini ni ukoo, kwamba ndivyo walivyozaliwa. Kuanzia siku ile akaanza kujizoeza kukumbatia, kwetu sisi wa kazini. Mwanzoni alitukumbatia mkavu kama ubao. Siku hizi hakuachii mpaka uombe.

Lakini Spés alikuwa ameshakua, na sasa anaishi Clintonville, kule Columbus. Mwezi wa pili alipiga simu, ana mimba ya kwanza: "Mama, naogopa nitakuwa kama wewe." Mama Spés alikuja nalo neno hilo kazini, tukaliombea palepale kwenye sinki. Jioni akampigia binti yake. Hakujitetea. Alimsimulia aliyoyaona: mama panya aliyetishwa huacha kulamba, aliyetulizwa huwarudia wanawe. Akaomba aende kukaa naye. Wiki nzima ikapita, ndipo Spés akatuma ujumbe: "Njoo, Mama, kabla sijajifungua." Mtoto anatarajiwa mwezi wa sita. Ndiyo sababu wakubwa walipomsihi abaki mpaka Krismasi, aliwacheka kwa adabu.

Wanawake wa kanisa letu Kenmore wamempa kitenge cha kubebea mjukuu. Amekipokea, akakiweka chini kabisa ya begi. Anasema mtoto atapata wengi wa kumpokea. Yeye akishuka kwenye basi ataanza na Spés, na hatamwachia mpaka aombe.

Mama Spés, asante kwa mapambio, kwa makofi madogo, kwa kutushika tulipofiwa. Mungu akutangulie njiani, na siku zako zilizobaki ziwe za joto kwako na kwa binti yako.